Shikamoo ya Faustini

Bonga, Babati
Ijumaa, saa kumi jioni

Mwanangu Restituta,

Umekwenda Sigino kumuaga shangazi yako, nami nimefunga karakana mapema ili niandike kabla hujarudi. Kama ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule, kisha atakufungia karanga za njiani, kwa hiyo muda ninao. Mambo ya kulinda sanduku kwenye basi, ya kutolala na nywele mbichi na ya kusali kabla ya kula atakwambia yeye, na ataongeza mengine kumi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa wiki nzima kwa kujifanya bado natengeneza sanduku lako. Sanduku lile lilikwisha Jumatatu. Hakuna fundi anayepiga msasa ubavu mmoja wa sanduku kwa siku nne, na nadhani ulishaanza kunishangaa.

Nataka kukuandikia habari za Faustini.

Ninajua unachokwenda nacho. Niliiona ile karatasi ndani ya daftari lako la jiografia, kurasa mbili, mwandiko wako mzuri wa shule. Umewaandikia wakubwa wake huko Dar es Salaam kwamba mtu huyu aliiba wimbo uliotungwa na baba yako, akauwekea jina lake, halafu akachoma filamu ambayo ndani yake alikuwamo mama yako marehemu, na sasa anauimba tena kwenye video pamoja na watoto wake bila haya. Umeandika kwamba utafika ofisini kwao mwenyewe, wiki ya kwanza tu ya chuo, uwasomee mbele yake. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Sitakudanganya, mara ya kwanza nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ni mtoto wangu kabisa.

Mara ya pili sikufurahi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unaikumbuka Jumamosi ile. Ulikuja mbio karakanani ukanishika mkono wenye gundi, ukasema, "Baba, njoo uone, wanaimba wimbo wetu." Tukaenda hadi kule stendi, kwa yule mfanyabiashara mwenye deki, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, televisheni imewekwa juu ya makreti ya soda, watoto wamebanana kwenye mabenchi. Ilikuwa kaseti mpya kutoka Dar, familia mbalimbali zinawaimbia watoto. Tulimkuta Faustini amesimama na gitaa, amenenepa, watoto wake watatu wamevaa mashati ya kitambaa kimoja, na mkewe yuko upande wa kushoto, mikono kiunoni, anarudi nyumanyuma huku ameziba pua. Vilevile alivyokuwa akifanya mama yako. Mahali palepale alipokuwa akisimama mama yako.

Wewe ulilia. Mimi sikulia. Chuki yangu ilikuwa imelala kidogo miaka hii, ikaamka ikiwa na nguvu zake zote, na nakwambia kweli, nilijisikia kijana. Tulitoka kabla wimbo haujaisha. Njiani ukasema, "Nikifika Dar, mtu wa kwanza kumtafuta ni yeye." Nami nikajibu, "Sawa."

Hiyo sawa ndiyo inayoniwasha. Ngoja nikueleze yote, na usiruke mistari.

Faustini hakuwa mtu baki kwangu. Wazazi wetu walishuka pamoja kutoka Mbulu wakitafuta mashamba, tukasoma darasa moja Singe, tukajifunza zeze kwa mzee mmoja ambaye alitupiga sote wawili kwa fimbo moja. Tulipiga kwenye harusi mpaka watu wakawa wanatuita kwa pamoja, kama vile sisi ni mtu mmoja. Alikuwa na maneno mengi na alipenda kusifiwa. Mimi nilipenda kusifiwa vilevile, ila nilikuwa nalificha jambo hilo, na mtu anayeficha ndiye mbaya zaidi. Baadaye yeye akapata kazi kwenye gari la sinema la serikali, mimi nikabaki na randa na msumeno.

Miaka ile maduka yalikuwa matupu. Unakumbuka nusu nusu. Ulikuwa unakula ugali wa unga wa njano na kuuliza kwa nini ugali umeugua. Sabuni ikipatikana duka la kijiji watu wanalala kwenye foleni, na isipopatikana tunafua kwa majani ya mpapai, tunaoga kwa maji na subira. Wewe ulikuwa na miaka saba na ulikataa katakata kupakwa majani. Ulisema utanuka kama mbuzi. Ndipo wimbo wa Fisi ulipozaliwa, pale jikoni, ukiwa umesimama ndani ya beseni na umenuna.

*Fisi alikwenda dukani, foleni akasimama,*
*watu wote wakatoka, mbio baba, mbio mama.*
*Fisi akawa wa kwanza, akasema, leo naoga,*
*mwenye duka akamjibu, mimi naogea mboga.*

Ulicheka mpaka ukaanguka kwenye beseni. Kesho yake watoto wote wa Bonga walikuwa wanauimba.

Mwaka uliofuata Faustini alikuja na kamera. Alikuwa amewashawishi wakubwa wake kwamba sinema za mbolea na za kuchimba vyoo zinawachosha watu, afadhali wapige picha familia zinazoimba na watoto wao. Alitupiga nyuma ya nyumba, mahindi yameanikwa. Mama yako alivaa kile kitenge cha kijani, wewe ulivaa gauni lililoshonwa kwa pazia. Mimi nilikaa na zeze pembeni. Faustini alituambia turudie mara nne, na kila mara mama yako alibadilisha kidogo anavyoziba pua, kwa sababu hakuweza kufanya kitu kimoja mara mbili. Jioni tulikula pamoja na nikampa Faustini kuku wa kupeleka kwa mama yake.

Mwaka mmoja baadaye gari la sinema lilirudi na filamu imekamilika. Walionyesha mchana kwa ajili ya watoto wa shule, kwenye ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mji mzima ulijaa humo. Mwanga ukapiga shuka, yakatokea maandishi makubwa. Nyimbo za Watoto. Imetungwa na kutayarishwa na Faustini. Chini yake, kwa herufi za kusoma kwa kukodoa macho: waimbaji, familia ya wakulima, Babati.

Wakulima. Mimi ambaye mlango wa ukumbi ule niliutengeneza kwa mikono yangu.

Sikuona filamu, Restituta. Watu walikuwa wanapiga makofi, wewe ulikuwa unaruka juu ya benchi, mama yako alikuwa anajicheka mwenyewe mpaka anafuta machozi kwa upande wa kanga, anasema, "Mungu wangu, hivi ndivyo ninavyotembea?" Alikuwa mbele yangu pale ukutani, mrefu kuliko mlango, anaimba. Na mimi nilikuwa nimekodolea giza nikifikiria herufi. Nilikaa pale muda wote nikitengeneza maneno ya kumwambia Faustini. Leo ukiniuliza mama yako alifanya nini na mikono katika ubeti wa pili, siwezi kukujibu.

Faustini alikuja nyumbani baada ya hapo. Akasema, "Kaka, yale maandishi ni ya ofisini, mimi niliwaambia ni wimbo wa kwetu, wakaandika walivyotaka. Nitawaambia warekebishe." Huenda ilikuwa kweli, huenda alipenda kuliona jina lake likiwa kubwa namna ile akanyamaza. Nadhani ni yote mawili. Mimi nilimjibu, "Hakuna shida," na nikamkaribisha maziwa. Ujue kwamba baba yako akisema hakuna shida, shida ipo na ina meno.

Kesho yake asubuhi alinipitishia kasha la mbao wanalobebea mikanda ya filamu. Kona moja ilikuwa imeachia kwa mashimo ya barabara. "Nipigie misumari," akasema, "saa nane tunaondoka kwenda Kondoa." Akaliacha karakanani na mikanda yote ndani, kila mmoja kwenye kopo lake la bati, akaenda kumsalimu mama yake Singe. Hakuna mtu anayemwachia adui mali ya serikali namna hiyo. Alimwachia rafiki yake.

Nililitengeneza kasha vizuri, bora kuliko lilivyokuwa. Kisha nikafungua kopo letu. Nikatoa ule mkanda, nikachukua ubao wa mninga, nikakata duara la kipimo kilekile. Nililichonga, nikalipima mkononi, nikalipunguza, nikalipima tena mpaka uzito ukawa sawasawa. Nikalipiga msasa mpaka likang'aa. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama siku ile, hata kitanda cha harusi yangu sikukitengeneza kwa raha namna hiyo. Nililitia duara ndani ya kopo, nikafunga, nikapanga makopo kama yalivyokuwa.

Mkanda nikautia motoni, pale ninapochemshia gundi. Nilidhani utalipuka kama petroli. Haukulipuka. Ulijikunja, ukawa unayeyuka taratibu na kunuka vibaya, ikanibidi niukate vipande kwa patasi na kulisha moto kidogo kidogo. Mama yako akauliza kutoka uani, "Unachoma nini?" Nikasema, "Gundi imeharibika."

Naam. Ni mimi. Filamu ya mama yako niliichoma mimi. Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, usiinuke bado, kwa sababu hayajaisha.

Huko Kondoa walikuta watu wengi wamekusanyika. Faustini akafungua kopo mbele yao ili aanze na filamu yake anayojivunia, akatoa sahani ya mninga. Nilisimuliwa na dereva kwamba watu walicheka mpaka mkuu wa shule akaomba kimya. Faustini alisimamishwa kazi kwa kupoteza mali ya serikali. Kabla ya kurudishwa kazini alikaa kwao Singe karibu miaka miwili akilima vitunguu, na kila nilipopita nikamwona ameinama kwenye jembe, nilitembea polepole. Nilikuwa natafuta safari za kunipitisha pale. Ungeniuliza wakati ule kama najuta, ningekuomba urudie habari ya Kondoa kutoka mwanzo.

Alijua ni mimi. Nani mwingine Babati yote angeweza kupiga mninga msasa namna ile? Angenitaja, ningefungwa, kwa maana miaka ile watu walikuwa wanafungwa kwa mifuko ya sukari. Hakunitaja. Aliwaambia wakubwa wake kwamba kasha lilifunguka njiani na hajui nani aliyeubadilisha mkanda. Nimejaribu kumshukuru kwa jambo hilo nikashindwa. Nadhani hicho ndicho ninachomchukia zaidi, kuliko hata maandishi.

Mama yako alipata habari sokoni. Alirudi, akaweka kikapu chini, akanitazama. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alisema maneno mawili matatu, na ninayaandika kama alivyoyasema.

"Umeuchoma uso wangu kwa ajili ya jina lako. Na wimbo wenyewe wala si wako."

Hapo pia umedanganywa, mwanangu. Karatasi yako inasema wimbo ulitungwa na baba yako kwa sababu ndivyo nilivyokulea ukijua. Aliyekuogesha siku ile alikuwa nani? Mimi nilikuwa karakanani. Nilisikia unacheka, nikaja, nikachukua zeze nikatafuta sauti ya kuufuata wimbo uliokwisha kuwapo. Maneno, sauti, kuziba pua, kurudi nyumanyuma, yote ni ya mama yako, Veronika. Watu walipokuwa wananisifu harusini nilikuwa nasema asante. Yeye alikuwa anaona mambo hayo ni ya kuchekesha, mume anayebeba sifa za jikoni. Mpaka siku ile ya nne hakuwahi kunidai hata neno moja.

Akaniambia niende Singe nikamwombe Faustini radhi. Nikamjibu, "Baada ya mavuno." Mavuno yakaja, nikasema baada ya Krismasi. Masika yakaingia, malaria ikampanda kichwani, na siku tano baadaye tulikuwa tunachimba kaburi kwenye mvua.

Faustini alikuja mazishini. Alitembea kutoka Singe, matope mpaka magotini, akiwa na ndizi za watu wa msibani kichwani kama mwanamke. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Uliinuka uende kumwamkia, kwa sababu mama yako alikulea vizuri, na mimi nikakushika bega nikakurudisha chini. Nikasema, "Usimwamkie." Ukauliza kwa nini. Ulikuwa umelia siku mbili, na usiku wake ulikuwa umeniuliza ile sinema ya mama iko wapi, utaiona lini tena. Nikakuangalia, nikamwangalia yule pale na ndizi zake. Nikasema, "Yeye ndiye aliyechoma sinema ya mama."

Nilikitoa kitu kile mdomoni kwa urahisi kama kutema mate. Mtoto wa miaka kumi, mbele ya kaburi la mama yake.

Bibi yako mzaa mama, aliyekuja kutoka Mbulu, alinisikia. Unamjua bibi yako, Ukristo wake unaishia mlangoni mwa kanisa. Akaniita pembeni akasema kama mtu huyu alifanya hivyo, basi nisimame kukicha, nitazame jua, nimlaani kama wazee walivyokuwa wakilaani, naye atasimama pamoja nami. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mtu wa sakramenti, sifanyi mambo hayo, na watu wakanisifu kwa imani yangu. Sababu haikuwa imani. Bibi yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba laana ya namna hiyo ikitolewa na mwongo humrudia nyumbani kwake, na nyumbani kwangu nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu.

Tulipomaliza kufukia, Faustini alinisogelea. Alinipa mkono, nikauacha hewani. Akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, "Ulipiga msasa vizuri." Kisha akasema, "Filamu hazitengenezwi moja, kaka. Kuna nyingine ofisini. Nikirudishwa kazini nitaitafuta, ili mtoto amwone mama yake." Nikamjibu, "Sihitaji kitu chako." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na mvua yake.

Umeelewa nilichoandika hapo? Miaka saba sasa ninajua kwamba huenda mama yako yupo mahali fulani ndani ya kopo la bati, anaimba, na sikuandika hata barua moja kuuliza. Ningeandika nini? Ningeanza na Mpendwa Faustini? Mkono wangu ulikataa. Nilikuona unakua, unasimama mbele ya kioo unajaribu kurudi nyumanyuma kama yeye na kukosea, nami najua unakosea wapi, na bado sikuandika. Ulipofika miaka kumi na minne, Faustini akaja kanisani siku ya Krismasi, akakunyooshea mkono pale uani, ukamgeuzia mgongo mbele ya watu wote. Alibaki ameshika kofia. Nilijisikia vizuri mpaka Mwaka Mpya.

Kuungama sijaungama. Padri ananiuliza kila Kwaresima kama kuna jingine, nasema hakuna. Kuungama kunataka mtu ajute kwanza, na mimi hata leo nikimkumbuka ameshika sahani ya mninga mbele ya watu wa Kondoa, kuna upande wa mdomo wangu unaokataa kutulia. Sikuandikii kama mtu aliyebadilika. Sijamsamehe. Kila ninapopaka gundi ninaliona lile neno, wakulima. Wewe usidhani barua hii ni ya kukufundisha kusamehe, kwa maana kazi hiyo siijui, na sitakufundisha kazi nisiyoijua.

Ila kuna jambo la Jumatano. Nilikuaga nakwenda kununua misumari. Sikwenda kununua misumari. Nilirudi kwa yule mwenye deki, nikamwomba aweke tena ile kaseti, nikakaa peke yangu na watoto wawili watoro wa shule. Nilitaka kumwona Faustini mpaka mwisho ili chuki yangu ipate chakula cha kutosha, nikupe na wewe cha njiani. Wimbo ukaisha. Wewe na mimi Jumamosi ile hatukungoja mwisho. Yakatokea maandishi, meupe, makubwa kiasi cha mtu kusoma bila kukodoa.

*Wimbo wa Fisi ulitungwa na Veronika, mama wa Restituta, wa Bonga, Babati.*

Nilimwambia yule bwana arudishe nyuma. Nikasoma tena. Jina la Faustini halikuwapo hapo. Na langu halikuwapo, na nisikufiche, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitafuta. Hata zeze hawakulitaja. Nilitoka pale na hasira ya namna ambayo sikuwahi kuwa nayo, kwa kuwa haikuwa na mtu wa kumwendea.

Sasa ile karatasi yako. Sikuichukua, iko palepale kwenye daftari. Umeiandika vizuri, ina hoja, na ukiisoma ofisini kwao kwa sauti yako hiyo watakusikiliza. Kama bado unataka kuisoma, badilisha jina la mshitakiwa tu, mengine yaache yalivyo. Aliyeiba wimbo na aliyechoma filamu ni mtu mmoja, na anwani yake unaijua. Sitakulaumu ukirudi na hasira zako hapa. Nimekulea kwenye shule ya kuweka kinyongo na umefaulu kuliko mwalimu wako, basi usione haya kunifanyia mimi mtihani wako wa kwanza.

Kuna kitu ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mwaka ule alipokufa nilikuwa nafagia vinyoleo vya mbao, nikakikuta kwenye kona, nyuma ya mguu wa meza. Ni kipande kilichoruka nilipokata kwa patasi. Nilikificha ndani ya zeze, lile linaloning'inia ukutani. Unawaambia watu kwamba baba aliacha kupiga zeze kwa majonzi. Majonzi yapo, lakini ungelitikisa ungesikia kinagonga ndani, ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kina picha ndogo saba. Zishike dhidi ya dirisha asubuhi kabla ya basi. Katika zote saba mama yako amefungua mdomo, na mkono wako umeshika ncha ya kitenge chake. Anaimba neno gani sijui. Nimetazama miaka saba na sijui.

Faustini anajua, kama ile nyingine anayo. Nami nadhani anayo, kwa sababu mkewe hakumwona mama yako hata mara moja, na Jumamosi ile alirudi nyumanyuma sawasawa, pale ambapo wewe unakosea. Alifundishwa na nani?

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, nadhani ni wewe unayepanda kutoka barabarani. Nitaiweka barua chini ya nguo kwenye sanduku, upande ule niliopiga msasa siku nne. Usiisome mbele yangu. Kesho nitakusindikiza hadi stendi na tutaongea habari za mvua.

Ukifika, mtafute mtu wa kwanza kama ulivyoapa. Lakini karatasi iache chuoni. Siku ile makaburini nilikushika bega nikakuzuia, na hakuna mwingine anayeweza kukufungulia isipokuwa mimi, kwa hiyo nakufungulia hapa kwa mwandiko wangu, na imenichukua jioni nzima kufika kwenye mstari huu. Mwamkie Faustini. Mwambie shikamoo, ungoje mpaka aitikie. Kisha mwombe akuonyeshe mama yako.

Baba yako